Mpe jirani kazi: namna ya kuzungumzia baipola mtaani kwako

Mwezi wa nane mwaka 2017 nilikata nguo 14 kwa usiku mmoja bila kushika futi kamba. Vilikuwa vitenge vya wateja, sita kati yake ni sare ya harusi ya Jumamosi. Ilikuwa siku ya tatu sijalala na wala sikuhisi uchovu. Niliamini nikimkumbuka mteja sura yake, vipimo vyake vinakuja vyenyewe mikononi. Kulipopambazuka vipande vya nguo vilikuwa vimejaa hadi mlangoni, nami nimesimama barazani naimba, nawagawia watoto vitenge vya watu. Kabla ya adhuhuri mtaa wetu wote wa Makorora ulikuwa na jibu. Kuna waliosema nimerogwa na wifi, kuna waliosema jini limenipanda, na vijana wakasema waya zimegusana. Hakuna aliyesema naumwa.

Lakini hilo silo lililoniuma zaidi. Nilipelekwa hospitali, nikarudi, na baada ya wiki chache nikashuka. Cherehani dada yangu aliifunika kwa kanga. Nililala wiki sita nimegeukia ukuta, siogi, chakula nakitazama tu. Majirani walipochungulia dirishani na kuona nimenyamaza, walimwendea dada yangu kumpa hongera: "Alhamdulillahi, katulia, amepona." Kipindi hicho cha kutulia ndicho nilichokaribia kufa, na mtaa mzima ulikuwa unashukuru.

Nimeyafikiria sana hayo. Watu wale hawakuwa wabaya. Walileta uji, walifua nguo za wanangu. Ila hawakujua wanatazama nini, na hakuna aliyewaambia wafanye nini. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya mwenye baipola, ugonjwa huu wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi kisha ukamshusha, au mwenye ndugu anayeumwa, anayetaka watu wake waelewe na hajui aanzie wapi. Mimi si daktari, ni fundi cherehani wa Tanga. Tangu 2019 nimezungumza na vikoba vinne, kijiwe cha bodaboda, madrasa na wauza vitambaa wa Ngamiani. Pengine nilikosea, na nitasema wapi.

Mwenye habari aridhie kwanza

Dada yangu, kwa nia njema kabisa, alisimulia habari zangu kwenye kikoba chake nikiwa bado wodini. Niliporudi nyumbani, mama wa bibi harusi alikuwa anajua hadi dawa ninazomeza. Siku ile nilijiona nimevuliwa nguo sokoni.

Kama mgonjwa ni ndugu yako, subiri awe ametulia kwelikweli, hajapanda wala hajashuka, mkae chini. Muulize nani ajue, aambiwe nini, na lipi lisitoke kabisa nje ya mlango. Mimi niliruhusu jina la ugonjwa na habari ya nguo 14. Maneno niliyowatamkia wakwe zangu nilipokuwa nimepanda hayasimuliwi na mtu. Akikataa lolote lisisemwe, mheshimu. Unaweza kuufundisha mtaa mzima habari za baipola bila kumtaja mtu hata mmoja.

Eleza kwa maneno ya barazani

Nasema "kupanda" na "kushuka", na watu wananielewa hapo hapo. Aliyepanda analala kwa muda wa saa mbili tu na kuamka na nguvu. Maneno yanamtoka mbio, fedha zinamtoka mbio, ana mipango kumi kwa saa, na ukimpinga anawaka. Wengine hufika kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo. Hali hiyo hukaa wiki nzima au zaidi, kama hajawahishwa hospitali. Aliyeshuka ana sonona: hana hamu ya kitu, mwili mzito, anajilaumu, usingizi umempotea au umemzidi, na huko huchukua wiki mbili, mwezi, hata miezi.

Na kuna katikati. Hapo mtu ni mzima, anashona, analipa ada, anakwenda msibani, anagombana na mwenye nyumba kama watu wengine. Hiyo katikati naikazania kuliko yote, kwa sababu mtaa huziona ncha mbili tu na kusahau miaka yote iliyo kati yake.

Atatokea wa kusema, "Basi hata mimi ninayo, asubuhi nacheka jioni nimenuna." Usimkaripie. Mwambie kununa kwa kutwa moja ni ubinadamu, na akilala ataamka sawa. Sisi kulala kwenyewe ndiko kunakotushinda.

Yako mengine matatu ninayoyasema kila mara. Kwanza, hatuko wachache: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wanaishi na baipola. Pili, mara nyingi huanza katika ujana, miaka ya mwisho ya sekondari au ishirini na kitu, ndiyo maana kijana huambiwa kavuta bangi. Bangi kweli yaweza kumchochea, lakini wapo wengi wasioijua hata harufu yake. Tatu, ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo. Sisi alikuwa nao bibi mzaa baba, aliyekuwa akiondoka usiku kwa miguu hadi Pongwe na kurudi, watu wakisema ana ruhani. Nilipoanza kuumwa, nyumba nzima iliulizana nani kaniroga. Hakuna aliyemkumbuka bibi.

Wakidhani dawa zetu ni za kupumbaza, nawaeleza habari ya lithiamu ninayotumia mimi. Ni aina ya chumvi, siyo ile ya mboga, na mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, aliandika jinsi ilivyowatuliza wagonjwa waliopanda. Hadi leo inatumika. Inataka kupimwa damu mara kwa mara, maana ikizidi inadhuru, na figo na tezi ya shingo nazo huangaliwa. Watu hushangaa kusikia dawa yenyewe ni chumvi, na wakishangaa wanauliza, na wakiuliza nimeshawapata.

Jambo jingine liwakae wauguzaji: ukimpeleka mgonjwa aliyeshuka, mwambie daktari kwamba aliwahi kupanda. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake yaweza kumrusha mtu wa baipola juu tena. Daktari hawezi kujua usiposema, kwa sababu mbele yake amekaa mtu aliyeinamisha kichwa tu.

Maneno ya mtaani

Chizi, mwehu, kichaa, "huyo wa Mirembe". Usimkemee mtu mbele za watu, ataona haya na kulirudia ukigeuza mgongo. Mjibu kwa neno unalotaka alishike, na hapo hapo mpe la kufanya. Mtu akimuuliza dada yangu, "Vipi, kachizika tena?", yeye hujibu: "Anaumwa, amepanda. Keshokutwa ukienda kumwona mpelekee uji, usiwe wa moto sana." Muulizaji hubaki na uji mkononi, na mara nyingi huupeleka. Na Mirembe ni hospitali, ipo Dodoma tangu 1927, watu wanakwenda wanatibiwa wanarudi. Kila tukiifanya tusi, kuna mgonjwa anaogopa kutibiwa.

Picha za watu waliofungwa minyororo usizitumie. Niliwahi kuzionyesha. Kina mama walilia, kisha wakaniogopa.

Usishindane na majini

Hapa ndipo nilipoharibu. Kikao changu cha kwanza nilisimama nikasema, "Hakuna cha jini hapa, ni ugonjwa wa ubongo." Tanga! Nyuso zilifungwa mbele yangu kama milango ya maduka ikiadhiniwa Ijumaa. Majini yametajwa katika Qur'ani, na mimi mwenyewe ni Mwislamu. Nilikuwa nimeanzisha ugomvi nisiouhitaji.

Mara ya pili nilimfuata ustadhi wetu nyumbani kwake baada ya alasiri, mimi na dada yangu, dawa zangu zimo mkobani. Sikumwambia aache kusomea watu. Nilimweleza yaliyonipata, nikamwonyesha vidonge, kisha nikamwomba mambo matatu: anayesomewa asiambiwe aache dawa, asifungwe wala asichapwe, hata kama anapiga kelele, na kisomo kiwe mchana.

La tatu lilimshangaza. Nikamwambia, mtu aliyepanda adui yake wa kwanza ni kukesha. Usingizi ukipotea usiku mmoja, ugonjwa unashika kasi. Ukipotea siku tatu, ni hospitali. Sasa fikiria tunampeleka mtu huyo kwenye ngoma ya kupunga pepo, inapigwa usiku kucha, moshi wa ubani, watu wamemzunguka. Anarudi nyumbani amepanda maradufu, na tunasema pepo ni mkaidi. Ustadhi alinyamaza kidogo, akaikumbuka hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Akasema, "Basi haya mambo hayagombani, binti yangu." Ijumaa iliyofuata aliyasema kwenye darasa lake, kwa maneno mazuri kuliko yangu.

Pia tulizungumza Ramadhani, na kama una mgonjwa anayefunga, hili lisome mara mbili. Usingizi wa mwezi ule umekatika vipande: tarawehe, daku, alfajiri. Hilo peke yake lamtosha mtu kupanda. Na kwa anayetumia lithiamu, kukaa bila maji kutwa, kwa joto letu hili, kwaweza kuifanya dawa ipande kwenye damu. Mikono ikitetemeka kupita kawaida, akatapika au kuharisha, akayumba akitembea, maneno yakamkokota, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur'ani yenyewe, na azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama. Ustadhi sasa hulitangaza hilo mwishoni mwa Shaabani. Rafiki yangu Mkristo wa Mabawa alizungumza hivyo hivyo na mchungaji wake juu ya mikesha ya maombi. Wakakubaliana mwanawe aombewe Jumapili asubuhi na usiku alale.

Kila mtu na kazi yake

Sasa nafika kwenye jambo lililobadilisha maisha yangu. Mtu anayekuhurumia anabaki mbali nawe. Mtu uliyempa kazi anakuwa mwenzako. Kila niliyempa kazi ndogo, inayoeleweka, aliacha kunicheka, kwa sababu sasa naye alikuwa na sehemu yake katika kupona kwangu.

Wa kwanza alikuwa muuza vitambaa. Mwaka ule wa 2017 nilichukua kwake doti 38 kwa mkopo kwa siku moja, na alinidai kwa miezi 11. Ungetarajia anichukie. Nilipomaliza kulipa nilimwendea nikamwambia: "Kaka, ile haikuwa tamaa, ni ugonjwa. Nakuomba, siku nikitaka zaidi ya doti tatu za mkopo, usinikatalie kwa kelele. Nikalishe, nipe chai, umpigie dada yangu." Tuliandika namba ya dada nyuma ya daftari lake la madeni, hapo ndipo anapofungua kila siku.

Wa duka la dawa la jirani kazi yake ni kutoniuzia diklofenaki wala ibuprofeni, hata nikiumwa mgongo vipi, kwa sababu dawa hizo huifanya lithiamu izidi mwilini. Ananipa parasetamo na kuniuliza nimekunywa maji. Kijana wa bodaboda anajua kwamba nikimwita saa nane za usiku nataka kwenda Korogwe kununua ndizi, anipeleke kwa dada, si Korogwe. Kikoba changu kimeandika kwamba sikopi bila sahihi ya dada yangu, nami niliweka dole gumba hapo nikiwa na akili timamu.

Na hilo la mwisho ndilo sharti la yote. Kazi hizi niligawa mwenyewe, nikiwa mzima. Ukoo ukikaa pembeni ukampangia mgonjwa walinzi, huo ni utawala, na atakimbia. Kaeni naye, aseme dalili zake kwa kinywa chake, ziandikwe kwenye karatasi. Zangu ni nne: kulala chini ya saa nne kwa usiku mbili mfululizo, kupiga simu za watu usiku wa manane, kununua kwa mkopo, na kushona nguo ambazo hakuna aliyeziagiza. Karatasi ipo ndani ya droo ya cherehani, nakala kwa dada. Za kushuka nazo zimo: kutofungua kibanda, kutooga, kutopokea simu.

Jirani yangu wa mkono wa kulia alizidisha. Kila nikicheka kwa sauti, huyo dirishani: "Umemeza dawa leo?" Niliumia sana, kwa sababu nami nina haki ya kucheka. Nikamfuata nikamwambia kwa upole, "Mama, kicheko changu usikihesabu. Hesabu taa. Ukiona taa ya chumbani inawaka saa tisa usiku, siku ya pili tena inawaka, hapo nigongee." Tangu siku ile anaangalia taa.

Ukisimama mbele ya watu

Dakika 15 zinatosha, hasa kikobani, watu wana hesabu zao za fedha. Simulia, usihutubie. Maswali ya mbele ya watu ni matatu siku zote. Unaambukiza? Hauambukizi. Unapona? Unadhibitiwa, kama presha na sukari, na anayeonekana mzima asiache dawa kwa sababu anaonekana mzima. Anaweza kuolewa, kuzaa? Ndiyo, na watoto wengi wa wazazi wenye baipola hawaupati. Ila mwanamke azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, maana baadhi ya dawa, valproeti hasa, humdhuru mtoto tumboni. Na asiziache ghafla kwa uamuzi wake.

Swali la kweli huja baadaye. Kwa hiyo usiondoke haraka. Mimi hukaa nikikunja vitenge vyangu taratibu, kimoja kimoja, hadi watu wapungue. Siku moja mama mmoja alinisaidia kukunja, akanong'ona bila kuniangalia: "Wangu yuko chumba cha uani. Mlango nafunga kwa nje." Sikumuuliza kwa nini. Nilimuuliza anapenda kula nini, na kama Jumatatu tungeweza kwenda hospitali sote watatu. Tulikwenda.

Lazima pia useme habari ya kujiua, hata kama baraza litakuwa zito. Kumuuliza mtu waziwazi, "Unafikiria kujiua?" hakumtii wazo hilo kichwani. Mimi niliulizwa hivyo na dada yangu, usiku, taa imezimwa, na kwa mara ya kwanza nikaweza kulia. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa dawa, sumu za panya na za shamba, kamba. Mpelekeni hospitali usiku huo huo. Tanzania, jaribio la kujiua ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na familia nyingi huficha kwa kuogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Natamani na sisi tufike huko. Lakini usingoje sheria ibadilike, mpeleke mtu wako.

Ukitaka siku ya kuitishia kikao, tarehe 30 Machi ni Siku ya Baipola Duniani, siku aliyozaliwa mwaka 1853 mchoraji Vincent van Gogh, anayedhaniwa naye alikuwa na baipola. Makorora jina lake halijulikani, kwa hiyo mimi huchukua tarehe tu, nikapika maandazi.

Mwaka 2023, Alhamisi moja, niliingia kwa muuza vitambaa nikachagua doti nne. Nilikuwa na furaha, nazungumza na kila aliyeingia, nimemwahidi msichana wake wa kazi kumshonea gauni la bure. Yeye alivikunja vitenge vyote vinne vizuri, akaviweka juu ya kaunta, akaniambia, "Fundi, kaa kwanza, chai hii imezidi." Nilikunywa chai na chapati mbili. Sikumwona alipokwenda nyuma na simu. Dada alikuja na yule kijana wa bodaboda, akakaa karibu yangu, akaniuliza nimelala saa ngapi. Ile karatasi ilikuwa mkobani mwake. Kesho yake tukawa kwa daktari, dawa ikarekebishwa, na safari hii hakuna nguo ya mtu niliyoikata.

Baada ya wiki tatu nilirudi dukani. Doti zangu nne zilikuwa rafu ya chini, hazijauzwa.

"Leo ngapi, fundi?"

"Mbili."

Akatoa mbili, akaandika kwenye daftari.